Kilo Kumi na Nne za Miraa

Kanyakine,
Ijumaa, 10 Januari 2025

Mzee Njuki,

Pokea salamu zangu. Naitwa Ciakuthii, mwalimu wa hesabu hapa Kanyakine. Jina lako nimepewa na mwenzangu Mwalimu Riungu, ambaye kwao ni huko Embu na huenda kila Ijumaa na kurudi Jumapili. Ameniambia mambo mawili juu yako: kwamba hakuna cherehani kuukuu iliyowahi kukushinda, na kwamba masikio yako hayasikii, kwa hivyo asiyeweza kuandika hana biashara nawe. Basi naandika, naye Riungu atatubebea barua.

Cherehani ni ya mama yangu, Cicily. Ni ile ya pedali, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni. Aliinunua kabla mimi sijazaliwa, na hata wakati huo haikuwa mpya. Ameshona nayo sokoni Kangeta miaka arobaini. Agosti iliyopita alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalala, ulimi ukawa mzito, nikamleta kwangu. Daktari wa mazoezi ametuambia wazi kwamba mguu wa kushoto usipofanyishwa kazi vya kutosha kufikia Pasaka, utabaki hivyo ulivyo. Tumejaribu kutembea, tumejaribu kamba, tumejaribu mpira. Mama hataki. Anaona ni michezo ya watoto.

Lakini kwenye meza ya cherehani anaketi bila kuombwa. Meza ililetwa pamoja naye. Kichwa, yaani mashine yenyewe ya juu, kilibaki Kangeta kwa ndugu yangu Kiunga, kwa sababu kimekwama na hakizunguki. Mama huweka miguu yote miwili kwenye pedali na kukanyaga, gurudumu la chini likazunguka, na mkanda hauna pa kwenda. Baada ya muda hunyoosha mkono wa kulia kutafuta gurudumu la juu, akakuta hewa. Hapo hukasirika na kuacha. Mimi huwa natoka nje nikajifanya naanua nguo.

Kiunga atakituma kichwa Jumatatu kupitia kampuni ya mizigo ya Wahisha, kutoka Maua hadi Embu, kwa jina lako, na anwani yangu kama mlipaji. Tafadhali kifufue. Pasaka ni Aprili ishirini, nimehesabu: wiki kumi na nne na siku mbili.

Wako,
Mwl. Ciakuthii


Embu,
Jumapili, 19 Januari

Kwa Mwalimu Ciakuthii,

Barua nimepata. Masikio yaliliwa na mashine ya kusaga mahindi, miaka ishirini na miwili nikiwa kando yake. Sina uchungu nayo. Mengi wanayosema watu si hasara kuyakosa.

Mashine kama ya mama yako nimefufua nyingi. Kukwama si kufa. Mara nyingi utakuta mtu aliitia mafuta ya kupikia badala ya mafuta yake, yakageuka gundi. Mimi mashine naijua kwa kuiinua tu. Nikiishika kwa mkono mmoja nitakwambia ni ya mwaka gani na inaumwa wapi.

Shida ni kwamba sina ya kuinua. Kwa hao Wahisha nimeenda mara tatu. Mara ya kwanza msichana wa dirishani alisema na mimi kupitia kioo. Nikamwonyesha masikio. Akasema tena. Mara ya pili alikuwa anakula. Mara ya tatu nilimpa karatasi yenye jina langu, akanyoosha kalamu kwenye pembe ya stoo, chini, palipokuwa na furushi la gunia lenye majani ya migomba yanayochungulia. Akaandika: MIRAA. Nikaandika: HAPANA, CHEREHANI. Akaandika: KWA JINA HILI NI HII TU, TIA SAHIHI.

Mwalimu, mimi ni mzee wa kanisa na nina miaka sabini na minne. Furushi la miraa sitii sahihi. Nimerudi nyumbani. Uliza ndugu yako alituma nini.

Njuki, fundi


WAHISHA MIZIGO
Idara ya Huduma kwa Wateja
20 Januari 2025

Mteja wetu mpendwa Bw. Ciakuthii,

Asante kwa kutuchagua. Tunafurahi kukujulisha kuwa mzigo wako (aina: MIRAA, uzito: KILO 14, kutoka: MAUA, tarehe ya kutumwa: 13 JANUARI) uliwasili salama katika ofisi yetu ya Embu tarehe 14 Januari na haujachukuliwa.

Kwa kuwa mzigo huu ni wa aina inayoharibika, usipochukuliwa ndani ya siku 14 tangu kuwasili utaharibiwa kwa mujibu wa utaratibu wetu.

Furaha yako ndiyo safari yetu.

Beverlyne
Huduma kwa Wateja


Kanyakine,
21 Januari 2025

Kwa Beverlyne, Wahisha Mizigo,

Kwanza, mimi si Bwana.

Pili, sikutumiwa miraa wala sikutuma miraa. Mzigo wangu ni kichwa cha cherehani. Ni chuma. Hakiozi, hakitafunwi, na hakiwezi kuharibika ndani ya siku kumi na nne isipokuwa kikiwa mikononi mwenu. Ni wazi kwamba mmebadilisha mizigo ya watu, na sasa mnamlazimisha mzee wa miaka sabini na minne atie sahihi asichokijua. Mzee huyo hasikii. Alipowaonyesha masikio, mhudumu wenu alirudia maneno yale yale kupitia kioo.

Naona na jambo la tatu lisemwe, kwa sababu barua yenu imeandikwa jina langu pamoja na neno hilo, na mimi ni mwalimu na mshiriki wa kanisa. Familia yetu haina uhusiano wowote na biashara ya miraa, haijawahi kuwa nao, na ninachukulia kama tusi kuhusishwa nayo. Hilo furushi si letu. Lirudisheni kwa mwenyewe na mtafute cherehani yangu.

Mgonjwa anaisubiri. Naomba mnijibu kama watu.

Mwl. Ciakuthii (Bi.)


WAHISHA MIZIGO
Idara ya Huduma kwa Wateja
24 Januari 2025

Mteja wetu mpendwa Bw. Ciakuthii,

Asante kwa maoni yako mazuri. Malalamiko yako yamepokelewa na kupewa nambari EMB/0117. Yatajibiwa ndani ya siku 21 za kazi.

Kwa mujibu wa utaratibu wetu, nakala ya barua yako imetumwa kwa mtumaji wa mzigo kwa taarifa yake.

Furaha yako ndiyo safari yetu.

Beverlyne
Huduma kwa Wateja


Kanyakine,
Ijumaa, 24 Januari

Mzee Njuki,

Ulifanya vyema kukataa sahihi. Ningekuwa mimi ningelipiga teke hilo furushi.

Nimempigia Kiunga simu. Nilimuuliza mara tatu kama kweli alituma kichwa cha cherehani, na mara tatu akaniambia alikituma na akakifunga vizuri sana. Alirudia hilo la kufunga vizuri mpaka nikachoka. Nikamwambia asinichezee, watu wa Wahisha wanasema ni miraa, na ni nani mwingine katika ukoo huu ambaye miraa iko mikononi mwake kutwa kucha? Yeye kazi yake ni kufunga miraa hapo Kangeta. Nikamwambia pengine alituma furushi la mteja wake na cherehani bado iko chini ya kitanda chake. Akasema, "Dada, mimi naweza kumfanyia Mama hivyo?" Nikakata. Sasa nimeifunga namba yake, kwa sababu alipiga tena mara saba na mimi nilikuwa darasani.

Mama tangu juzi hakanyagi pedali. Anaketi mezani, anaangalia lile tundu kwenye mbao. Miguu yake iko sakafuni. Nikimsogezea wa kushoto kwenye pedali, anauondoa kwa mkono.

Sijui nimwandikie nani tena. Nimezoea swali lenye jibu.

Ciakuthii


Embu,
Jumapili, 2 Februari

Kwa Mwalimu,

Imekuja. Jumatano mtu wa Wahisha aliiweka mlangoni mwangu ndani ya mfuko wa saruji, akaondoka bila kuniomba sahihi. Siku ile ya miraa waling'ang'ania sahihi, siku ya mashine yenyewe hawakuihitaji.

Nimeiinua. Ni ya mwaka wa hamsini na mbili au hamsini na tatu. Ndani hali ni kama nilivyosema: mafuta ya kupikia, tena zaidi ya mara moja. Nimeilaza ndani ya mafuta ya taa. Kile chuma kinachobeba sindano kilianza kusogea Ijumaa, na jana gurudumu lilizunguka nusu likasimama. Litazunguka lote. Hilo usilihofu.

La kuhofu ni kutu. Si kutu ya zamani. Ya zamani ni nyeusi, hii ni nyekundu na mbichi, ya wiki mbili hivi. Imeshika zaidi upande wa kushoto wa bamba, pale mshonaji anapolaza kiganja akisukuma kitambaa. Rangi hapo ilikwisha zamani kwa mkono wa mama yako, chuma kikabaki uchi, basi maji yakapata pa kuingilia. Tena kutu hiyo ina umbo. Kuna mstari mmoja mnene, na kutoka kwake mistari myembamba mingi, imelala sambamba. Nimeitazama sana. Ninajua imetoka wapi, lakini aliyeifanya atasema mwenyewe. Si kazi ya fundi kutangaza.

Swali langu ni moja. Nipige msasa niifute yote na kupaka rangi mpya, au nizuie tu isiendelee na kuacha alama ilipo? Haitazuia kushona. Niandikie.

Njuki, fundi


Kanyakine,
Ijumaa, 7 Februari

Mzee Njuki,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama na sijaketi tangu hapo.

Wewe unajua kutu imetoka wapi na hutaki kusema. Basi nitasema mimi. Mashine ilikuja kwako Jumatano, na barua yako ni ya Jumapili. Siku nne. Ilikaa wapi siku hizo nne? Riungu ameniambia kibanda chako hakina ukuta upande wa nyuma, na huko kwenu manyunyu hayakukatika wiki nzima. Mistari sambamba ni ya nini kama si ya wavu au mabati uliyoilaza juu yake? Wahisha wamenifanyia dharau, nikavumilia nikijua kuna mtu mmoja mwaminifu mwishoni mwa safari. Sasa naye ananiandikia mafumbo.

Futa alama zote. Piga msasa, paka rangi, isionekane hata moja. Sitaki Mama aweke mkono juu ya uzembe wa watu. Mguu wake umeanza kukauka kwenye goti, daktari ameuona jana na kutikisa kichwa.

Ciakuthii


Kangeta,
Jumamosi, 8 Februari

Dada,

Naandika kwa sababu namba yangu umefunga, na hata kama ungekuwa hujafunga, hii si maneno ya simu, ungenikatia katikati. Hii barua inakuja na gari ya miraa, dereva ni Kathuri, anapita hapo kwenu kesho jioni. Usiende kuuliza ni gari gani. Utaisikia.

Nimeletewa na Wahisha karatasi. Nilidhani ni risiti. Kumbe ni barua yako wewe. Nimeisoma pale kwa kibanda watu wakiwa wanafunga, nikatoka nje nikaisoma tena.

Kwanza nikuambie ukweli, halafu nitasema yangu. Lile furushi lilikuwa letu. Hakuna kitu walibadilisha. Hiyo kichwa ya cherehani niliifunga mimi na hii mikono, na majani mbichi ya mgomba, safu tatu, nikanyunyiza maji, nikafunga na kamba ya mgomba, nikatia kwa gunia. Karatasi ya jina ya Mzee Njuki niliweka ndani ya majani, vile sisi huweka. Yule wa Maua aliniuliza majina tu, hakuniuliza ni nini. Aliona mtu wa Kangeta na majani, akaandika yake. Na mimi sikusoma, gari ilikuwa inanguruma.

Utaniuliza, chuma unafunga na majani mbichi kwa nini? Najiuliza pia. Nilikuwa na gazeti, nilikuwa na blanketi kuukuu. Lakini ile ni mashine ya Mama. Nilikaa nayo hapo mbele nikasema, kitu ya kawaida ndiyo inafungwa na gazeti. Unakumbuka Mama akitufunza kufunga? Mimi nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na moja. Alikuwa anasema kitu ya maana haifungwi na jani kavu. Basi nilikata majani ya ule mgomba wake, nyuma ya choo, yale makubwa. Nilifunga polepole. Sijawahi kufunga kitu vizuri hivyo. Sikufikiria kutu hata dakika moja. Mimi kila siku nafunga kitu inataka maji.

Ulipopiga simu ukasema ni miraa nikajua hapo hapo, na nikaogopa kukuambia. Ulikuwa umeshaniita mwizi. Nikaona nikisema nimeifunga na majani utaniita mjinga. Hiyo ndiyo makosa yangu na nimeikubali.

Sasa yangu. Umeandika familia yetu haina uhusiano na miraa, haijawahi kuwa nao. Dada, Mama alishona mchana, na jioni akafunga vibunda vya miraa vya watu. Nguo ilikulisha, lakini kusoma ulisomeshwa na miraa. Niliacha shule darasa la saba ndiyo mikono iwe minne. Sijawahi kukuambia hiyo kwa ubaya na sikuambii sasa kwa ubaya. Nilikuwa naona ni sawa. Nilikuwa nikisikia watu wakisema Mwalimu Ciakuthii, najua kidogo hapo ni mimi. Lakini umeandikia watu wa ofisi, watu hatuwajui, ukasema ni tusi.

Mimi sina maneno mingi. Mama anaendeleaje? Hata kama hutaki kuniongelesha, niambie mguu.

Kiunga


Kanyakine,
Jumatatu, 10 Februari, saa nne asubuhi

Mzee Njuki,

Usipige msasa. Kama hujaanza, weka chini.

Barua hii inaletwa na Kathuri, dereva wa gari la miraa, kwa kuwa hakuna kitu kingine katika nchi hii kitakachofika Embu leo. Nimeondoka darasani nikasimama barabarani na kulipungia gari hilo mkono mbele ya darasa langu zima.

Ulijua ni jani. Sasa najua pia. Ndugu yangu alifunga mashine ya mama yetu kwa majani mabichi ya mgomba, kwa sababu ndivyo mama yetu alivyotufundisha kufunga kitu cha maana. Nami nililikana furushi hilo kwa maandishi. Yale maneno niliyokuandikia juu ya kibanda chako na juu ya uaminifu wako, nayarudisha kinywani mwangu na yananiwasha. Nisamehe. Hukunikosea lolote.

Barua ya Wahisha iliniambia kilo kumi na nne. Nafundisha vipimo, Mzee Njuki. Nilikuwa na uzito mbele ya macho, na sikujiuliza kichwa cha cherehani kina kilo ngapi.

Usifute. Tafadhali.

Ciakuthii


Embu,
Jumapili, 16 Februari

Kwa Mwalimu,

Barua yako ya hasira ilifika Jumamosi. Nikasema, mwenye mali amesema. Jumatatu asubuhi nikaanza. Saa saba niliona vumbi mlangoni na kuku wakiruka, nikajua kuna gari limefunga breki. Kijana mwenye macho mekundu akanipa karatasi na kuondoka kabla sijaifungua.

Nilikuwa nimefuta nusu. Upande wa nje umekuwa laini, hauna kitu. Upande wa ndani, karibu na sindano, jani limebaki, na ule mstari mnene umebaki karibu wote. Hapo nilizuia kutu kwa dawa na nikapaka varnishi juu. Halitakua wala halitafutika.

Kwa neno la kibanda changu: ukuta wa nyuma kweli hauna. Mashine nilikuwa nalala nayo ndani. Yamekwisha.

Sasa na mimi niseme langu, kwa maana nyinyi wawili mmeshasema yenu. Siku ile stoo ya Wahisha furushi lilikuwa hatua tatu kutoka miguu yangu. Mimi ninayejua mashine kwa kuiinua sikuinama. Ningelishika kwa kidole tu ningejua. Nilisoma neno MIRAA nikavuta mkono, kwa ajili ya watu waliokuwa kwenye foleni wasione mzee wa kanisa akilibeba. Likakaa majini siku kumi zaidi kwa sababu yangu. Nilipoona mistari hiyo kwenye bamba nilijua ni jani la mgomba, na nikajua ni furushi gani. Nilikuandikia kwamba aliyeifanya atasema mwenyewe, na huku nilikuwa nimejificha nyuma ya maneno hayo.

Kwa hiyo kazi hii sitaki unifikirie vibaya wala vizuri. Itamalizika mwanzoni mwa Machi. Bado kisanduku cha bobini na chemchemi moja ninayoichonga mwenyewe, kwa kuwa madukani hakuna anayejua hata jina lake. Nitaituma kwa huyo Kathuri. Nitaifunga kwa blanketi kavu. Mwambie ndugu yako nimesema blanketi, lakini nimesema kwa heshima.

Njuki, fundi


WAHISHA MIZIGO
Idara ya Huduma kwa Wateja
12 Machi 2025

Mteja wetu mpendwa Bw. Ciakuthii,

Tunafurahi kukujulisha kuwa malalamiko yako nambari EMB/0117 yamefungwa. Uchunguzi wetu umebaini kuwa mzigo wa MIRAA, KILO 14, uliharibiwa tarehe 28 Januari kwa mujibu wa utaratibu, na hakuna mzigo mwingine kwa jina lako.

Tafadhali chukua dakika moja kutathmini huduma yetu kwa kuweka alama kati ya nyota moja na tano.

Furaha yako ndiyo safari yetu.

Beverlyne
Huduma kwa Wateja


Kanyakine,
13 Machi 2025

Kwa Beverlyne,

Mzigo mnaosema mliuharibu uko mezani kwangu, umetiwa mafuta. Nadhani mtu wenu alifungua majani ili autupe, akakuta chuma, akaona aibu. Mshukuruni huyo mtu. Yeye peke yake katika ofisi yenu alifungua macho.

Nyota sina. Lakini kuna kosa katika faili EMB/0117 ambalo si lenu, ni langu, na naomba lisahihishwe. Katika barua ya tarehe 21 Januari niliandika kwamba familia yetu haina uhusiano wowote na biashara ya miraa. Si kweli. Mama yangu alifunga miraa, ndugu yangu anafunga miraa, nami nimekuwa mwalimu kwa kazi ya mikono yao. Furushi lilikuwa letu.

Wekeni barua hii juu ya ile. Na kwa mujibu wa utaratibu wenu, tumeni nakala kwa mtumaji wa mzigo. Hiyo msiisahau.

Mwl. Ciakuthii


Kanyakine,
Jumanne, 25 Machi 2025

Kiunga,

Barua hii nimeianza mara nne tangu Februari. Namba yako niliifungua siku ile ile niliyopata barua yako, lakini kila nikiishika simu nasikia yale maneno yangu ya ofisi na naiweka chini. Natumaini Wahisha wamekuletea ile nakala ya pili. Kama hawajakuletea, ujue hata katika hilo wameshindwa, na nitakuandikia mwenyewe kila neno.

Sitakuomba msamaha kwa mistari mingi. Nilikukana, ndugu yangu. Uliniuliza kwenye simu kama unaweza kumfanyia Mama hivyo, nami nikakata. Nimekosa na nimeumia, na ninajua wewe umeumia zaidi.

Umeniuliza mguu. Huo ndio nitakueleza.

Kathuri alileta mashine Jumamosi ya tarehe nane. Alikataa malipo, alisema ni mzigo wa Kiunga. Mzee Njuki alikuja siku iliyofuata baada ya ibada, pamoja na Riungu, kuifunga mezani na kutia mkanda. Mama alimtazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Alipomaliza, mzee alirudi nyuma, akampisha.

Mama hakukanyaga. Aliketi tu. Nikaona wiki zote zile zimepotea, nikaenda kuanua nguo ambazo hazikuwapo kwenye kamba. Wiki mbili ilikuwa hivyo, Kiunga. Anaketi, anaifuta vumbi kwa khanga yake, anainuka. Daktari akasema tusitarajie sana.

Juzi Jumapili nilirudi kutoka kanisani nikamkuta mezani na kitambaa. Alikuwa ameutoa mkono wake wa kushoto mapajani kwa mkono wa kulia na kuulaza kwenye bamba, mahali pake pa siku zote. Unajua vidole hivyo bado havina nguvu, lakini daktari alisema vinahisi. Nilisimama mlangoni. Vidole vikasogea kidogo, vikasimama, vikasogea tena. Vilifuata ule mstari mnene mpaka mwisho wake, vikaingia kwenye ile mistari midogo, mmoja, mwingine, mwingine. Akainama karibu kabisa akatazama. Kisha akanigeukia na kuniuliza, polepole lakini sawasawa, "Jani bichi?"

Nikamwambia ndiyo, Mama. Kiunga aliifunga kwa jani bichi, la mgomba wako wa nyuma ya choo.

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu Agosti sijasikia kicheko hicho. Alipotulia akapangusa macho, akaweka miguu kwenye pedali, wa kulia kwanza, na wa kushoto akauvuta mwenyewe. Akazungusha gurudumu la juu. Ilishona, Kiunga. Mstari ulipinda kama njia ya ng'ombe, lakini ilishona, na mguu wa kushoto ulipanda na kushuka na ule mwingine. Jana alishona tena, na leo asubuhi nimemwacha akishona. Wiki tatu na siku tano zimebaki hadi Pasaka, na kwa mara ya kwanza naona zinatosha.

Siku ile, alipofika mwisho wa kitambaa, alisema neno moja zaidi. Alisema, "Mjinga."

Sijui alimaanisha wewe au mimi. Nimemuuliza mara mbili na hataki kujibu, anatabasamu tu. Njoo Jumapili, umuulize wewe.

Dada yako,
Ciakuthii